Sanduku la Simu

Sanduku lile alilitaka mwenyewe, asije mtu akasema alilazimishwa. Katibu muhtasi alikuwa amechoshwa na vikao ambavyo mkurugenzi anaongea huku watu wameinamia simu viganjani mwao, wanachekacheka peke yao kama waliorukwa na akili. Akamwita seremala, likatengenezwa sanduku la mbao lenye vyumba ishirini na kufuli moja. Ufunguo hukaa mfukoni mwa mkurugenzi mpaka kikao kiishe. Kila mtu huweka simu yake, kuanzia bosi hadi mfagizi, na katibu ndiye wa kwanza. Ofisi nzima ikambatiza Mama Sanduku. Alijifanya kukasirika, lakini wapi! Jina lilimkaa vizuri.

"Na mtu akiwa na dharura?" waliuliza siku ya kwanza.

"Simu ya mezani ipo kwa ajili gani? Wapeni watu wenu namba."

Jumatano hiyo aliondoka nyumbani roho ikisita. Binti yake wa miaka sita alikuwa ameamka na pumu, na kile kichupa cha dawa ya kuvuta kilikuwa kinakaribia kwisha. Angebaki, ila kilikuwa kikao cha mwaka, kina wageni wa makao makuu, na sanduku ni lake. Akamwachia wifi yake mtoto, akabandika namba ya mezani ukutani.

"Wifi, akibadilika hata kidogo, piga hapa. Ya mkononi itakuwa imefungiwa."

"Nenda bwana. Mimi nimelea wangapi?"

Binti alimpungia mkono kutoka kwenye kochi. Hakusema kitu, maana kusema kulimchosha.

Saa tatu kamili katibu alifanya kazi yake kama kila kikao, mikono ikijiendea yenyewe. Akakusanya simu, akafunga kufuli, akampa bosi ufunguo, akavuta mlango wa ukumbi. Akaunyanyua mkonga wa simu ya mezani, akaulaza kando yake nyuma ya mafaili, akavifunika vyote kwa sweta lake. Bosi hapendi mlio wowote akiwa na wageni. Kisha akaketi mapokezi na dereva wa ofisi, ambaye siku hiyo hakuwa na simu wala safari.

Robo saa haikupita, sanduku likaanza kunguruma.

Likanyamaza. Likaanza tena, mbao zikitetemeka juu ya meza.

"Kuna mtu anatafutwa," dereva alisema.

"Mpenzi wa mtu huyo. Leo atashika adabu!"

"Si yako hiyo?"

"Ingekuwa nyumbani wangepiga mezani. Kaka, niache nipumue."

Lakini kicheko hakikumshuka vizuri. Sanduku lilinguruma mara ya tatu, ya nne, ya tano, na yeye anahesabu ilhali hataki kuhesabu. Akaenda akaweka kiganja juu yake. Lilitetemeka lote, huwezi kujua ni simu ya nani. Akasogea mpaka mlango wa ukumbi, akainua mkono abishe. Ndani bosi alikuwa anaongea kwa ile sauti yake ya mbele ya wageni. Kikao kilichopita, karani aliyebisha hodi alitolewa mbio mbele za watu, na katibu ndiye aliyemwandikia barua ya onyo. Mkono ukashuka.

Mezani kimya, alijiambia. Mezani kimya, basi nyumbani salama.

Ilipofika saa nne, sanduku likatulia. Akangoja lingurume tena, halikunguruma. Hapo ndipo hofu ilipomshika hasa, wala hakuelewa kwa nini.

"Umeona? Amechoka mwenyewe," alisema.

Dereva hakucheka. "Mimi hiyo ya mezani siiamini, dada. Siku ya kikao kimoja, mama yangu yuko mahututi, niliisikilizia asubuhi nzima nimekaa hapahapa, haikulia. Ndugu zangu wakaapa wamepiga mara tano ili niende nikamuage. Ukaniambia waongo, wanaficha uzembe wao."

"Sasa si waongo? Wangepiga ingelia, tungesi..."

Macho yake yalikuwa yameshatua kwenye sweta.

Alilivuta. Mkonga ulikuwa umelala palepale alipoulaza, kama kila kikao, kama siku ile. Akaushika kwa mikono miwili, akaurudisha mahali pake. Hata hajauachia, simu ikalia.

"Jamani, tangu saa tatu tunakutafuta!" Haikuwa sauti ya wifi. Alikuwa mzee jirani, mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, na nyuma yake mwanamke alikuwa analia.

"Nipe wifi! Mtoto anaendeleaje? Dawa nyingine iko..."

"Mwanangu." Mzee alivuta pumzi. "Uko na nani hapo?"

"Nipe mtoto niongee naye!"

"Njoo hospitali. Ila usije peke yako."

Dereva alikuwa ameshasimama, funguo za gari mkononi. Alimzunguka, akamtoa mkonga mkononi polepole, akamshika kiwiko.

Katibu alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Walipiga, kaka," alisema. "Ndugu zako walipiga."