Njia ya Kiti cha Mama

Tangu nianze shahada ya uzamili ya mipango miji, kaka zangu wawili wamenigeuza kichekesho cha nyumbani. Choo kikiziba naitwa mimi. Kuku wa jirani akiingia uani, kaka mkubwa anauliza kwa sauti mipango miji inasemaje. Nacheka nao, nifanyeje, lakini moyoni nakereka, kwa sababu walipotaka kugawana kiwanja cha marehemu baba bila kutoana macho, hawakwenda kwa mtu mwingine. Walikuja kwangu.

Kiwanja chenyewe kimezibwa pande tatu na kuta za watu. Barabara iko mbele tu. Huko mbele zimepangana nyumba ya kaka mkubwa, mchomeleaji wa mageti, na nyumba ya kaka wa pili, fundi makochi, na pembeni kabisa chumba changu mimi kitinda mimba, chembamba, kinachoanzia barabarani na kuishia uani. Nyuma, ng'ambo ya ua, ndiko kwa mama. Milango yao wote inafunguka uani. Wangu peke yake ulifunguka barabarani, na kwa mlango huo nilijiona mtu. Nikifunga, nimefunga. Nasoma, nalala, natoka, siombi njia kwa yeyote.

Basi katikati ya nyumba za kaka zangu nikachora njia, ya kutosha watu wawili kupishana na ndoo zao. Niliipitisha juu ya mpaka, kila mmoja akachangia sawasawa. Wote wakakubali, mama akabariki, na chuoni mchoro ule ukanipatia alama za juu. Kichwa kilinivimba, nisiseme uongo.

Haukupita msimu, kaka mkubwa akaweka tangi la maji njiani. Kwa muda tu, alisema. Kaka wa pili akaona mwenzake kajipatia, yeye abaki mjinga kwa nini. Akapanga fremu za makochi upande wake. Naye kwa muda tu. Tangi likajengewa msingi, fremu zikaezekewa bati. Tukaanza kupita kiubavuubavu, matumbo tumevuta ndani, wifi zangu wameinua mabeseni juu ya vichwa.

Kisha mama akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali na kiti cha magurudumu, nacho tulikiingiza kimekunjwa. Kikikunjuliwa, mama akakaa, kinafika kwenye tangi kinagoma. Kaka mkubwa alimbeba mgongoni mara moja kumpeleka kliniki. Mama akarudi amenuna, akasema yeye si gunia, na kwamba hatatoka tena mpaka atoke amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Ni mtu aliyekuwa akijua kila mpita njia wa barabara ile, mpaka mambo ya ndani kwao. Sasa akawa anakaa uani akisikiliza sauti juu ya mapaa na kukisia nani kapita. Huyo muuza mkaa, anasema. Natoka kuchungulia, kumbe mtu mwingine kabisa. Nikirudi namwambia ndiye.

Nikaja juu. Niliwakalisha kaka zangu na ile ramani. Kaka mkubwa akasema tangi liko upande wake, kinachobana ni fremu. Kaka wa pili akasema fremu ziko upande wake, kinachobana ni tangi. Wakaivuta karatasi huku na huku, kila mmoja akinionyesha kwa kidole kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyechora hivyo. Na kweli nilichora hivyo. Mpaka ulipita katikati ya njia, na kila mmoja alikuwa kwake. Nililia kwa hasira, wao wakadhani namlilia mama, wakaniletea maji ya kunywa.

Wakati huo nilikuwa naandika tasnifu, na mada yangu, cheka ukitaka, ni njia za kupita katika makazi yaliyobanana. Msimamizi wangu ni mama mmoja mpole wa sauti, anayevua miwani ili asome. Nilimpelekea sura ya kwanza pamoja na ule mchoro wa nyumbani, nikijua utamfurahisha. Aliutazama mpaka nikaanza kujikuna.

"Njia imepatikana," akasema. "Nani amepungukiwa?"

Nikajibu wote, sawasawa. Akatikisa kichwa. Akasema hakuna njia isiyo na mtu aliyetoa chake, na hapo haoni mtu, anaona mistari tu, nirudi nikamtafute mtu. Nilitoka nimefura, maana mtu mwenyewe nilikuwa namjua, na sikutaka awe mimi.

Nikatia pamba masikioni. Lakini kila nikifunga mlango wangu nisome, nasikia kile kiti kikivuka ua, kinafika kwenye tangi, kinasimama, kinageuka. Mama hakuwahi kuniomba. Angeniomba ningemkatalia na yangekwisha. Siku moja nikapiga moyo konde, nikamwita fundi mwashi, akatoboa ukuta wa nyuma wa chumba changu na kuweka mlango mpana. Kitanda nikampa wifi mmoja. Godoro na meza nikahamishia kwa mama. Chumba changu kikawa njia.

Mama alipita humo akisukuma magurudumu kwa mikono yake, hataki kushikwa. Akakaa kizingitini barabarani hadi jua likamchoma, na mwavuli akaukataa. Muuza mkaa, yule wa kweli, alisimama akaanza kumpa habari zote zilizompita, nani kaoa, nani kahama, nani kazaa tena. Mama akacheka mpaka akashika nyonga. Nililia, safari hii kwa ajili yake kweli, na kidogo kwa ajili ya mlango wangu.

Na kaka zangu je? Waliona kwamba maadamu njia mpya ipo, ya zamani ya nini. Tangi likaongezwa la pili, fremu zikalifuata, na mwanya uliobaki wakaupigilia mabati. Nyumba nzima ikawa inatokea chumbani kwangu. Siku za mwanzo walipiga hodi. Baadaye wakawa wanapita na ndoo, na mageti nusu, na makochi yasiyo na kitambaa, huku wakiniuliza tasnifu imefika wapi. Nilikuwa naandika kwenye kona ya mama, magoti yamegonga kitanda chake, sina pa kujifungia nikaudhika kwa raha zangu. Nilijipa moyo kwamba nikishapata shahada nitapanga kwingine. Siku ya kuitetea tasnifu mbele ya jopo ikapangwa, na msimamizi akanionya mapema kwamba anayeikosa hungoja mwaka mwingine.

Asubuhi hiyo nikavaa suti ya kuazima, nikakumbatia michoro yangu, nikavuka ua. Nikakuta watu wamejazana. Ndani ya njia, kando ya ukuta, mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa hadi kiunoni. Kaka mkubwa alikuwa ameishusha usiku nikiwa nimeshalala. Kwa muda tu, alikuwa anasema. Mtu angepita kwa kujibana, kiti hakipiti. Na mama alikuwa ameingia nacho mpaka kiliponasa, akakaza breki, akafumba mikono mapajani. Upenyo wote ameujaza yeye. Nyuma yake kaka zangu walikuwa wanatazama saa, wifi zangu na mabeseni.

Kaka mkubwa alimbembeleza arudi nyuma kidogo wapite kazini, jioni ataitoa saruji, anaapa. Kaka wa pili akaleta utani. Mama akazidi kutazama barabara. Alipogeuza shingo akaniona na suti yangu ndipo akafungua mdomo.

"Wewe una mtihani wako, mwanangu. Nikupishe?"

"Ee, mpishe yeye kwanza," kaka mkubwa akadakia, na tayari alikuwa ameshasimama nyuma yangu.

Nilimhisi pale mgongoni, na mwingine nyuma yake, na mabeseni. Akinipisha mimi, wote wanapita na mimi, saruji inabaki, na kesho inaongezwa. Asiponipisha, mwaka mzima mwingine kwenye ile kona. Ndugu zangu hawa nawapenda, lakini saa ile niliwachukia.

"Usimpishe mtu, mama," nikasema. "Hata mimi."

Nikaegemeza michoro ukutani, nikakaa juu ya saruji na suti ya watu. Kaka mkubwa aliguna, akangoja niseme natania. Mwisho akajitwisha mfuko, akauliza autupe wapi. Mama hakugeuka, alinyoosha tu kidole kuelekea nyumbani kwake huyohuyo kaka.

Mifuko ilikuwa mingi, naye alibeba mmoja mmoja, polepole, makusudi. Simu ikaita mkobani mwangu, nikajua ni msimamizi. Kila akirudi kuchukua mwingine alinitazama usoni, aone kama nitamwambia mama basi, nipishe. Simu ikaita tena. Sikumwambia.