Mkeka Mbele ya Nyumba ya Taligi

"Na huo mkeka atauinua nani?"

Fuatino aliuliza hivyo asubuhi ile vijana wa kanisa walipofika kwa jirani yake, mjane Taligi, kuomba uwanja wake kwa ajili ya filamu. Vijana walikuwa wanafunga simu ya Esekielu kwenye mpini wa ufagio kwa kamba ya nazi, na kazi hiyo iliwashughulisha wote.

Filamu ilikuwa ya Yusufu na ndugu zake. Waliiandika wenyewe kwa miezi miwili, kila wakimaliza mazoezi ya kwaya, na ilitakiwa iwe tayari Jumamosi, vijana wa kisiwa kizima cha Savaii watakapokutana. Misri waliiweka kijijini kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona Misri. Walipofika pale ndugu wanapomwomba Yusufu msamaha, hawakubishana. Mwenye kosa hupiga magoti mbele ya nyumba aliyoikosea, amejifunika mkeka mwororo, akangoja hapo mpaka aliyekosewa atoke na kumfunua. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Wakaazima mkeka wa kamati ya akina mama, ule wenye manyoya mekundu pembeni.

Kosa lao lilikuwa moja. Walichagua mwanga. Saa nne jua huingia vizuri kati ya nguzo za nyumba ya Taligi isiyo na kuta, nao hawakufikiri ni nyumba ya nani.

Miaka miwili nyuma, Lafaele mwana wa Taligi aligongwa na gari la shemasi Feleti, mwenyewe akiendesha, kwenye kona ya shule, akafa. Polisi waliandika kwamba nguruwe alikatiza barabara na dereva akamkwepa. Feleti alileta katoni mbili za samaki wa kopo kwenye mazishi, akaimba sauti ya nne. Mkeka haukuletwa.

Ndugu kumi na mmoja walipunguzwa wakawa watatu, maana mkeka ni mmoja. Wawili walikuwa vijana wa kwaya. Wa tatu, aliyecheza Reubeni, alikuwa Moelagi, binti wa Feleti, miaka kumi na sita. Wakapiga magoti, wakafunikwa.

"Haya, anza!" Esekielu akasema.

Yusufu, ambaye ni Tanielu yule mnene, akatoka nyumbani na taji la majani, akainama, akashika mkeka. Haukuinuka. Akavuta kwa mikono miwili.

"Wewe Farao mdogo, vipi?" Esekielu akamwambia. "Magimbi ya kwetu yote umemaliza wewe, halafu unashindwa na mkeka?"

"Njoo uvute wewe, mdomo mrefu."

Akaja, akavuta, ukamshinda. Wale wavulana wawili wakatoka kwa kutambaa upande, wakajipangusa. Moelagi alipojaribu kutambaa, mkeka ulimshuka mabegani ukamkalia.

Taligi alikuja anafuta mikono. Yeye ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo walimpisha. Akashika pindo, akalipima.

"Bado," akasema, akarudi kwenye chungu chake.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mchungaji alikuja mchana akaomba, kisha wanaume sita wakainua kwa pamoja na hata manyoya hayakutikisika. Katibu wa kamati ya akina mama alisema wasivute sana, mkeka ni wa watu. Jumatano mwalimu alipitisha daftari la hesabu chini ya pindo, likarudi limejazwa, makosa mawili. Taligi alimpelekea Moelagi kakao na shelisheli asubuhi na jioni, na mvua ilipokuja aliukunjua juu yake mwavuli wake wa kwenda kanisani. Hakumwuliza kitu. Msichana alikuwa akishukuru kwa sauti ndogo. Alikuwa anakohoa.

Feleti hakufika mpaka Alhamisi. Alipita kando ya mkeka bila kuutazama, akavua kandambili, akaingia nyumbani kwa Taligi, akaketi penye nguzo wanapoketi wageni. Mchungaji aliketi karibu naye. Vijana walibaki uwanjani, simu juu ya ufagio.

"Moelagi," Feleti akaita, "toka hapo. Watu wanatucheka."

"Siwezi, baba."

"Michezo ya kitoto tu hii. Wewe Esekielu, zima hiyo simu."

"Imebaki chaji kidogo tu, mzee," Esekielu akasema, wala hakuisogelea.

Mkeka ukakohoa. Kisha Moelagi akasema, "Baba, kina Reubeni walisema mnyama kamla Yusufu. Mimi nilisema nguruwe."

"Nyamaza."

"Nimechoka na yule nguruwe. Mama Taligi, hapakuwa na nguruwe. Baba alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu. Mimi nilikuwa garini kando yake, nilimwona Lafaele, ameshika mkate, na sikupiga kelele mapema. Polisi waliponiuliza nikasema nilivyoambiwa. Nisamehe."

Taligi aliinuka. Alishuka ngazi za mawe polepole, maana goti lake moja ni bovu, akaushika mkeka kwa vidole viwili kama anafunua chungu. Ukainuka. Moelagi akatoka, nywele zimemganda usoni, mawe yamemwachia alama magotini. Taligi akamkalisha kwenye ngazi, akaanza kumpaka mafuta ya nazi.

Mkeka haukulala. Alipouachia ulibaki umesimama peke yake, mgongo mpana, kichwa kimeinama, umbo la mtu mzito aliyepiga magoti. Upande uliotazama nyumba ulikuwa wazi, kimo cha mtu anayeingia kwa kuinama.

"Sasa tutarudishiwa lini?" katibu akauliza.

"Mkeka ukimaliza kazi yake," Taligi akasema. Akageuka. "Shemasi, nafasi ipo. Mimi nipo, sina safari."

Mchungaji alifungua Biblia yake, akaifunga. "Mambo haya tusiyaharakishe," akasema taratibu. "Polisi walishaandika."

Feleti aliutazama ule uwazi muda mrefu. Jasho lilimshuka shingoni likaingia kwenye kola. Akaja mpaka ukingo wa sakafu, akashuka, akapiga goti moja chini. Moelagi akasimama. Mkono wa Taligi ukatulia na mafuta yake.

Feleti akanyoosha mkono, akavuta kandambili zake, akazivaa moja moja. Kisha akainuka, akauzunguka mkeka kwa upande wa barabara, akaenda zake.