Kipande cha Tatu cha Sajini

Kitabu nilikikata mimi, kwa kisu cha kukatia ngozi za viti, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Kilikuwa chini ya kiti cha gari bovu lililoletwa gereji kwetu kukatwa chuma chakavu. Jalada halipo, jina hatujui. Nikasoma kurasa mbili nimesimama, gari la watu nimeliacha linaning'inia kwenye jeki. Ni sajini mmoja anasimulia mwenyewe vita vya huko juu, kwenye sayari za vumbi jekundu. Anavaa suti ya chuma, anaua, anawatukana wakubwa wake, hamwombi mtu radhi. Nikasema, huyu ndiye mwanaume.

Wenzangu wa gereji wote wakakitaka. Kitabu kimoja, watu watano, na hakuna mwenye subira. Basi nikakipasua vipande vitano, kila mtu na chake, ukimaliza unampa mwenzako. Maoni tukawa tunayaandika kwenye boksi la breki nililolipigilia ukutani, juu ya kompresa. Ujinga ukaanzia hapo, maana kila mtu alimhukumu Sajini kwa kipande alichoshika.

Shoti, fundi umeme, alipata cha kwanza, pale Sajini anapompiga risasi rafiki yake aliyetaka kutoroka. Akaandika: "Mbwa huyu. Nikimpata namchomeka kwenye betri." Rangi, anayepaka magari, alipata cha mwisho. Akaandika: "Mzee wa watu. Mungu ampe maisha marefu."

"Maisha marefu?" Shoti akapiga kelele. "Ukurasa wa ishirini tu keshaua watu kumi na mmoja!"

"Mbona kwangu anamwagilia maharage? Kayapanda ndani ya kofia yake ya vita."

"Maharage! We rangi imekupanda kichwani."

Dada wa vipuri, anayeuza boliti na filta pale mbele, yeye alikuwa na cha pili. Akaandika: "Anajisifu kurasa sitini, mama yake kapata mstari mmoja. Nawajua wa hivyo."

Mimi nilishika cha nne. Sajini anavishwa nishani, anaitupa chooni. Nikaandika kwa herufi kubwa: ANGENIITA NINGEENDA.

Na nilikuwa naenda kweli. Jeshi lilikuwa linaandikisha, mwisho Ijumaa saa kumi alasiri. Nilikuwa nimebakiza cheti cha kuzaliwa tu. Na cheti kiko kwenye sanduku la bati la kaka yangu, lile analolikalia akishona, ufunguo uko shingoni mwake.

Kaka ndiye fundi viti wetu. Vitani keshakwenda, miaka minne, akarudi. Hajasimulia kitu. Mama alimuuliza huko mlikuwa mnakula nini, akajibu, "Chakula." Kulala analala ameketi, mgongo ukutani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Na kipande cha tatu ndicho alichopewa yeye.

Wiki nzima hakitoki. Vipande vingine vimeshazunguka gereji nzima, vimejaa grisi, cha Kaka hakuna.

"Mwambie ndugu yako aachie," Shoti ananiambia kila asubuhi. "Anakiatamia? Tusubiri vifaranga?"

Nikimfuata Kaka mwenyewe:

"Kaka, nipe cheti changu."

"Nikimaliza kusoma."

"Kurasa hamsini na tano, wiki nzima! Unazisoma au unazifuma?"

"Nasoma, mdogo wangu."

Ijumaa saa nane nikachoka. Nikatupa spana chini, nikamwendea. Alikuwa anashona kiti cha nyuma cha basi dogo.

"Leo mwisho. Simama hapo."

Hakuinua kichwa.

"We ulipoondoka nani alibaki na Mama? Mimi! Niliacha shule nikaja kufungua nati ili Mama ale, we uko huko na bunduki yako. Leo zamu yangu imefika unakalia cheti changu kama kiti cha enzi. Una wivu, Kaka. Sema tu una wivu."

Rangi akazima kompresa ili asikie vizuri, mmbea yule.

Kaka akakata uzi kwa meno. Akavua ufunguo shingoni, akasimama, akanipa. "Fungua." Halafu akaingiza mkono chini ya sponji, akatoa kile kipande. "Nimemaliza."

Nikafungua. Cheti changu kiko juu, kwenye nailoni safi. Chini yake hamna kitu. Miaka minne ya vita, sanduku halina hata picha.

Nilipogeuka, Kaka alikuwa mbele ya boksi la breki, kalamu mkononi. Hajawahi kuandika hapo. Akaandika polepole, kisha akarudi kushona. Tukasogea wote.

"Uk. 143. Anasema baada ya yale makazi alirudi akalala fofofo. Mwongo."

"Makazi gani?" Rangi akauliza.

Nikakinyakua kipande. Ukurasa wa mia na arobaini na tatu, pembe zimelegea kwa kushikwashikwa, ni ukurasa huo mmoja tu. Ni makazi ya wachimba madini; walitoka chini ya ardhi mikono juu, wanawake mbele. Sajini akaamuru wachomwe moto. Mistari minne tu, halafu: nikarudi kambini, nikalala fofofo. Mimi kipande cha nne nilikuwa nakiona kitamu, kumbe ile nishani alivishwa kwa hilo.

"Na maharage yote yale," Rangi akasema. Shoti hakumcheka.

Nikarudi kwa Kaka, cheti mkononi. Saa tisa na nusu.

"Mlichoma?"

Akatunga uzi mpya kwenye sindano.

"Kaka, nakuuliza. We ulichoma?"

"Nishikie ngozi hapa. Vuta. Ukiachia itakunjamana."

Nikashika. Sijui kwa nini nilishika. "Nikataze basi! We si mkubwa? Niambie usiende!"

"Sikukatazi. Cheti unacho."

"Sasa si unijibu!"

"Vuta, mdogo wangu. Vuta zaidi."

Nikavuta. Sindano ikawa inapita karibu na kidole changu, inaingia, inatoka. Jicho lake lilikuwa linacheza. Nilitaka kumpiga. Nilitaka aongee. Cheti nilikuwa nimekibana kwapani, jasho linakilowesha.

Redio ya Rangi ikatangaza saa kumi. Vidole vyangu vimekufa ganzi, hasira nilizonazo ningeweza kukitafuna kile kiti na sponji yake. Kaka akafunga fundo, akakata uzi.

"Haya," akasema. "Sasa upande wa pili."

Nikazunguka, nikashika.