Dawa Iliyokatika

Mwaka 1958, upele ulipoingia katika shule yetu ya Likoni, amri ilikuwa moja: mtoto mwenye upele haingii katika chumba cha mtihani. Mjukuu wangu Zubeda, wa kwanza darasani tangu aijue alifu, alikuwa na upele katikati ya vidole. Zilibaki siku kumi na mbili.

Nikamwendea Idarus wa zahanati, aliyerudi kutoka mafunzo ya miezi mitatu akiwa na miwani asiyoihitaji. Alinifafanulia, kana kwamba mimi mwenyekiti wa kamati ya shule sikupata kusoma, kwamba dawa ya upele haikubali maji; hubebwa na mafuta, nayo mafuta hupigwa pamoja na maji hadi yawe kitu kimoja, cheupe kama maziwa. Akaitia dawa katika mafuta ya nazi, akayamimina yote kwa mara moja katika debe la maji lenye bomba chini, akakoroga mara saba, akatangaza kwamba kazi imekwisha. Nilimwuliza kama debe litikiswe kabla ya kila mtoto kupakwa. Dawa ya kutikiswa, alisema, ni ya fundi asiyejiamini.

Debe likakaa hadi asubuhi. Sikutaka isemwe kwamba mwenyekiti anawaficha wajukuu wake, nikamtanguliza Zubeda kwenye foleni ya kupakwa dawa bombani. Siku ya nne waliotangulia kupakwa walikuwa wakijikuna kama zamani, na wavulana wanne wa mwisho walikuwa wamebabuka mikono. Idarus aliamua kwamba watoto hawakuoga vizuri.

Mke wangu Mwanasiti alikwenda zahanati akalifunua debe jipya lililokwisha kutayarishwa. Mafuta yalikuwa juu, maji chini.

"Limekatika hili," alisema, "kama tui la mpishi mwenye haraka."

"Bi Mwanasiti, hii ni dawa, si samaki wa kupaka."

"Samaki wangu, mwanangu, siwapi wageni wa kwanza maji na wa mwisho mafuta."

Aliomba viini vya mayai na bakuli. Idarus, kwa hofu ya kamati, alimpimia dawa. Mwanasiti alitia mafuta yenye dawa tone kwa tone, akipiga bila kupumzika, kisha maji, kidogo kidogo. Hadi alasiri mchanganyiko ulikuwa bado mzito na mweupe, haukutengana. Kwa kuwa yai huoza, alitengeneza mwingine kila asubuhi. Zubeda alipakwa siku tatu mfululizo.

Asubuhi ya mtihani, aliyesimama mlangoni kukagua mikono alikuwa Idarus mwenyewe. Aliinua vidole vya Zubeda, safi kabisa, ili walimu wote wavione.

"Mnaiona kazi yangu?"

"Naam, bwana," alijibu Zubeda. "Na ile ya kwanza bado iko mikononi mwa wale wanne."

Idarus alimpisha upesi. Nilimkemea mjukuu wangu kwa kumjibu mkubwa, ila nilisubiri kwanza akae kwenye dawati lake.