Buluu Haikufika

Fundi vigae alikuwa ameshakoroga saruji na kupiga magoti chooni alipomwita mwenye nyumba.

"Mama Cherehani, nyumba hii ina umri gani?"

"Miaka ishirini na sita. Imezishinda ndoa nyingi za mtaa huu."

"Na bomba la maji taka?"

"Ni lile lile."

Fundi akaweka mwiko chini. "Nikishabandika, siku bomba likipasuka tutavivunja vigae vyote. Amua sasa, mama. Tunabadilisha au tunaliacha?"

Vigae vile Mama Cherehani alivipata kwa kushona sare za shule miaka mitatu, hadi macho yakaanza kumchezea. Akageuka kumtazama mdogo wake, aliyekuwa kibarazani na kikombe cha chai. Yeye ndiye aliyelilaza bomba lile. Siku hizo alikuwa mkaguzi wa idara ya maji, na sahihi yake ndiyo iliyokuwa kwenye cheti cha kuunganishwa na bomba kubwa la mtaa.

"Bomba ni zima kabisa, dada," alisema, macho yake kwenye chai. "Bandikeni tu. Aliyelala msimwamshe."

"Ngoja tulijaribu bomba kwanza," fundi akasema. "Una buluu ya kufulia?"

Akaimimina chooni, akavuta maji mara tatu, kisha wakatoka barabarani, kwenye chemba ambamo maji ya nyumba ile yalipaswa kupita. Fundi akauinua mfuniko kwa nondo.

Ndani palikuwa pakavu. Buibui alikuwa ametanda kutoka ukuta hadi ukuta. Harufu hakuna, na tundu la bomba hakuna, saruji tupu pande zote nne.

Wakangoja. Buluu haikufika.

Waliikuta jikoni, ikichuruzika polepole chini ya ule ukuta ambao Mama Cherehani huupaka rangi kila mwaka akiilaumu mvua.

"Mdogo wangu, bomba linaishia wapi?"

"Hatua nne kutoka chooni." Akakiweka kikombe chini. "Bomba kubwa la mtaa halikuletwa, dada. Tuliambiwa tujenge chemba, tupige picha, tutie sahihi. Ningekataa ningefukuzwa."

"Na nyumbani kwako?"

Mdogo wake akageukia mlango.

"Nakuuliza wewe. Kwako je?"

"Kwangu... nilichimba shimo la maji taka."

Mama Cherehani akaugusa ukuta. Kidole kikatoka na buluu.

"Nilikubeba kwa mgongo huu, ukajifunza vitendawili hapo hapo mgongoni. Miaka yote unakula jikoni hapa. Kila nikipaka ukuta huu, wewe ndiye unayenishikia ngazi."

Fundi akakohoa kidogo. "Sasa mama, bomba tubadilishe?"

"Libadilishwe liende wapi, mwanangu?"

Akachukua kiti chake cha kushonea, akakiburuta hadi barabarani, akakaa kando ya chemba iliyo wazi. Mdogo wake akamfuata mbiombio.

"Funika, dada, watu wanaona!"

"Na mimi nimekaa kwa ajili hiyo." Akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Kitendawili!"

Mdogo wake, ambaye tangu utoto hakuwahi kuchelewa kuitikia, aliangalia viatu vyake.

Ng'ambo ya barabara, jirani ambaye ukuta wake nao haukauki aliweka beseni la nguo chini. Akavuka, akainama, akachungulia ndani ya chemba. Akalitafuta tundu la bomba, hakuliona.

"Tega," akasema.