Mchangiaji wa 112

Mimi sina tabia ya kuishukuru mashine; wenzangu wanayo, na ndiyo iliyoniponza.

Bwana Marcel, afisa aliyehamishiwa kwetu Busale, alikuja kwenye mkutano wa mtaro na kompyuta yake. Hakuna tena kunyoosha mikono, alisema, eti tunapiga kelele kama tuko mnadani. Anayetaka kuzungumza atume ujumbe, mashine itampanga. Saa nane, kura.

Nilikuwa na neno moja tu: mtaro ukipita walikochora, maji yote ya masika yataishia kwenye jaruba langu la mpunga, na sina jingine. Lakini nilianza kwa kubishana naye, nikachelewa kutuma.

Wenzangu sasa! Busale ukimpa mtu kikombe cha maji, atakushukuru hadi mlangoni. Mzee Ambrose alipojibiwa "Umepokelewa. Wewe ni wa 3," akaandika, "Ndaga fijo." Asante sana. Mashine, haina hata adabu, ikamwandikisha upya: wa 9. Akashukuru tena, angeachaje? Ukumbi mzima ukainamia simu, ndaga huku, ndaga kule. Mimi nilipotuma, nikawa wa 112.

Mzee Ambrose akaitwa. Akasalimia, akamuuliza Bwana Marcel habari za watoto, akaketi. Akaitwa tena.

"Mimi nimeshashukuru, mwanangu."

Alipoitwa mara ya tatu alisimama hivyo hivyo, maana kuitwa usiitike ni dharau.

Nikanyoosha mkono.

"Mama Kisa, heshimu foleni," Bwana Marcel akasema.

"Foleni gani? Hiyo mashine yako inaandikisha asante!"

Akatazama orodha iliyomulikwa ukutani, meno yote nje. "Wachangiaji 218! Ushiriki wa namna hii sijawahi kuuona."

Saa nane ilitukuta kwenye mtu wa 35. Kura ikapigwa, mtaro ukapita palepale walipochora. Kisha, salale, Mzee Ambrose akaombwa atoe neno la shukrani.

Juzi nilikuwa shambani, maji magotini, naokota miche inayoelea huku nalia kwa hasira. Ujumbe ukaingia kwenye simu. Nasikia kulikuwa na mkutano Ndandalo, nadhani ndipo walipoiwasha tena ile mashine, ikaendelea na foleni yetu.

"Mchangiaji wa 112, zamu yako imefika. Tafadhali simama. Una dakika mbili."

Nilikuwa nimesimama tayari. Nikaandika kwa kidole chenye tope: ndaga fijo.

Ikajibu papo hapo: "Umepokelewa. Wewe ni wa 219."