Oda ya Ganjoni

Aida Saif hakuwahi kuonja mvinyo maishani mwake, lakini watu wa Mombasa walionunua mvinyo wa Kitaliano mtandaoni walimwamini kuliko mtu mwengine yeyote. Wakimpigia simu kumuuliza upi unafaa kwa nyama ya kuchoma na upi kwa kamba wa nazi, aliwajibu bila kusita. Alikuwa amesoma kila lebo, akajifunza majina ya vilima na ya zabibu, akajua upi uwekwe kwenye friji na upi uachwe nje. Sauti yake ilikuwa ya upole. Hakuna aliyejua kwamba sauti hiyo ilitoka chumba cha juu cha nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale, na kwamba chini yake babake, Mwalimu Saif, alikuwa akisomesha watoto chuo cha Kurani.

Kazi hiyo hakuianza kwa hila. Miaka miwili nyuma, Bi. Joy Wanza, aliyewahi kusimamia jiko la hoteli kubwa, alifungua duka la mtandaoni la vyakula vya Kitaliano: mafuta ya zeituni, tambi, jibini, kahawa. Godauni yake ilikuwa Mbaraki. Akamwajiri Aida apokee oda na kujibu maswali ya wateja, kazi ambayo angeweza kuifanyia nyumbani. Aida alimwambia babake, "Nauza mafuta ya zeituni, Baba, na tambi," na ilikuwa kweli tupu. Mwalimu Saif alifurahi, akasema zeituni ni mti wenye baraka.

Miezi sita baadaye Bi. Joy alileta mvinyo. Kwanza aina tatu tu. Kufika mwaka wa pili, mafuta yalikuwa yakiulizwa kwa nadra, na oda nane katika kumi zilikuwa za chupa. Aida alijiambia ataacha mwezi ujao. Mwezi ukaja, ukapita, na mwengine vilevile. Alijifunza kufunga mlango kila simu ilipolia, na kusema "ile nyekundu" na "ile nyeupe" badala ya kulitaja jina lenyewe. Siku moja alimsikia babake, kupitia sakafu ya mbao, akiwaeleza wanafunzi kwamba laana ya ulevi haimpati anywaye peke yake, humpata na auzaye na abebaye. Aida aliweka simu chini, akakaa kitandani mpaka somo lilipokwisha. Kisha akaichukua tena, kwa sababu ilikuwa ikilia.

Basi Jumapili moja, yapata saa tano na nusu asubuhi, simu ya kazi ililetewa picha ya chupa. Aliyeituma ni Mzee Charo Gunga wa Tononoka, karani wa bandarini aliyestaafu, mteja wa siku nyingi. Kabla Aida hajaitazama vizuri, mzee akapiga.

"Shikamoo, Mzee Charo."

"Marahaba, binti yangu. Nitazamie chupa hii. Jana mchana nilikunywa gilasi mbili na chakula. Ulikuwa na ukali nisioujua, kama spiriti. Leo nimeamka natapika, na macho yangu... sijui nikueleze vipi. Naona kama nimejifunika chandarua usoni. Labda ni uzee."

Aliivuta picha ikakua. Ulikuwa mvinyo mwekundu wa Barolo, wa shehena iliyoingia Alhamisi. Shingoni mwa chupa kulikuwa na ukanda mwembamba wa karatasi, ule unaobandikwa kwa amri ya serikali ya Italia, wenye nambari yake. Katika yale yote aliyoyasoma, Aida alijua hili: hakuna chupa mbili zenye nambari moja. Akatafuta picha nyengine, ya mama mmoja wa Kizingo aliyejivunia meza yake siku ya Ijumaa. Akasoma nambari ya chupa ile. Akairudia tarakimu kwa tarakimu.

Ilikuwa nambari ileile.

"Mzee Charo, kuna mtu nyumbani?"

"Binti yangu yuko."

"Mwambie akupeleke hospitali sasa hivi. Muende na chupa. Mwambieni daktari mvinyo huu ni wa bandia, huenda una sumu. Usingoje upate nafuu, mzee wangu. Sasa hivi."

Akampigia Bi. Joy.

"Hiyo ni pombe ya jana tu inamsumbua," Bi. Joy alisema. "Usiwatie watu hofu, Aida."

"Shehena hii umeitoa wapi?"

"Yule wa kawaida alikuwa hana. Nikapata kwa mtu mwengine."

"Mtu gani?"

"Mtu tu! Kesho nitampigia nimuulize."

"Bi. Joy, mzee wa watu haoni."

Kisha Bi. Joy akasema kwa sauti ndogo, "Ngoja mpaka kesho, tafadhali," na simu ikakatika.

Aida hakungoja. Oda za mvinyo ule zilikuwa tisa. Alifungua orodha, akaanza kupiga. Mama wa Kizingo alikuwa bado hajaifungua chupa, ile ilikuwa ya kupamba meza. Mmoja alicheka akidhani ni mzaha. Mmoja alimtukana, kisha akamshukuru. Wa sita alikuwa babu mzito wa kusikia, naye kila alipoambiwa alijibu, "Eti nini?" Mwishowe Aida alisahau mlango, akasahau kila kitu, akapaza sauti:

"Mvinyo! Nasema usinywe mvinyo niliokuuzia!"

Alipogeuka, Mwalimu Saif alikuwa amesimama mlangoni, miwani mkononi.

Kwenye simu yule babu alikuwa akisema, "Ahaa, sasa nimekusikia."

"Mvinyo uliomuuzia," alisema Mwalimu Saif. Hakuwa akiuliza.

"Baba, nitakueleza. Wallahi nitakueleza. Kuna watu wameuziwa sumu, nami ndiye niliyewauzia. Wengine nimewapata. Wawili sijawapigia, na mmoja nimempigia kwanza hashiki."

"Yuwapi huyo asiyeshika?"

"Ganjoni. Ana karamu leo saa saba."

Mwalimu Saif aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

"Basi mbona umesimama?" akasema.

Aida aliiacha simu ya kazi kwenye chaji kwa kuwa ilikuwa imebakisha asilimia mbili, akanakili nambari tatu kwenye simu yake mwenyewe, akavaa buibui, akashuka ngazi mbilimbili. Mtaani alikuwa akikimbia, na wanawake barazani wakageuka kumtazama, maana hawakuwahi kumwona akikimbia. Barabarani akapata tuktuk. Njiani aliwapata wale wawili. Hawakuwa wamekunywa. Akabaki Loise Ngowa wa Ganjoni.

Alimkumbuka vizuri. Alinunua chupa mbili, akaandika chini ya oda: *Tafadhali zifike kabla ya Jumapili. Mamangu anatimiza miaka sabini na hajawahi kunywa divai ya Italia.* Siku ya Ijumaa alipiga simu kuuliza namna ya kuiandaa. Aida alimweleza kwa dakika kumi nzima, kwa furaha, kama anayeijua ladha yake.

Simu ililia mpaka mwisho, ikakatika. Akapiga tena. Makanisa yalikuwa yametoka na magari yamejaa barabarani. Dereva alijaribu kupenya, akarudi nyuma, akazima injini. Aida alipiga mara ya tisa, ya kumi. Kila mlio aliuona kama gilasi inayoinuliwa. Alitaka kuomba dua, akaona haya kuomba kwa ajili ya jambo alilolifanya kwa siri miezi yote ile, kisha akaomba vivyo hivyo. Tuktuk iliposonga, ilikuwa saa saba kasoro dakika tano.

Langoni mwa fleti askari alitaka jina na nambari ya kitambulisho. Aida alisema, "Andika utakalo," akapita. Orofa ya nne mlango ulikuwa wazi, viatu vimejaa nje.

Ndani watu kama kumi na watano walikuwa wamesimama kuzunguka meza, macho yamefumbwa. Mwanamume mmoja mnene alikuwa akiomba, na ombi lenyewe lilikuwa refu. Alikuwa amefika kwa wajukuu, akiwataja mmoja mmoja. Kwenye meza kulikuwa na wali, kuku wa kupaka, keki ya rangi ya waridi, na gilasi zimejazwa nyekundu.

"Msinywe!" Aida alisema.

Macho yote yakafumbuka. Mwanamume yule akamtazama, kichwa mpaka miguu, na buibui lake.

"Dada," akasema, "kwa heshima zote, hii ni nyumba ya Wakristo. Mahubiri hayo peleka kwengine."

Mtu akacheka nyuma. Mwengine akanyoosha mkono kwenye gilasi, kama wa kumwonyesha. Aida aliruka, akaufunika mdomo wa gilasi kwa kiganja chake. Ilikuwa mara ya kwanza kukigusa kile kitu. Kilimlowesha vidole.

"Sikuja kuhubiri! Bi. Loise yuko wapi? Bi. Loise, ni mimi Aida. Ijumaa nilikwambia uifungue saa moja kabla ya kula, ipate hewa. Ni mimi niliyekuuzia."

Mwanamke aliyevaa kitenge cha manjano akajitokeza, mkono kifuani. "Sauti ni yake," alisema. "Jamani, ni yeye kweli. Kuna nini, Aida?"

"Ni bandia. Kuna mzee amekunywa, sasa macho hayaoni. Nimekupigia mara ishirini."

"Simu iko chumbani, kwa ajili ya maombi," Loise alisema. Kisha akageuka polepole upande wa jikoni. "Ngowa?"

Mumewe alikuwa amesimama na kifungulio cha chupa mkononi. Alijaribu kutabasamu.

"Nilionja," akasema. "Nusu gilasi hivi, nilipokuwa nafungua. Niliona mkali, nikadhani ndivyo ulivyo."

Hakuna aliyeketi kula. Gilasi zilimwagwa, lakini Aida alishikilia chupa zisitupwe, daktari azione. Mamake Loise, mwenye sherehe, alisogea mpaka alipo Aida. Alichukua kitambaa, akamfuta Aida mkono, kidole baada ya kidole, kisha akasema, "Haya, nendeni naye upesi."

Hospitali alikopelekwa Mzee Charo walimchukua Ngowa moja kwa moja. Aida alimkuta daktari aliyempokea Mzee Charo, akampa picha na orodha. Daktari akaita afisa wa afya ya umma, na Aida akaeleza yote tena mwanzo mpaka mwisho, akataja jina la Bi. Joy na lake mwenyewe. Kisha akakaa benchini. Loise aliketi upande wa pili, hakumtazama. Mara moja tu aliuliza, "Ulikuwa unajua?" Aida akasema hapana. Loise akatikisa kichwa, na haikujulikana ameamini au la.

Alasiri ilikuwa imeingia Mwalimu Saif alipofika. Aliketi benchi lilelile, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Simu yako ya kazi ililia baada ya wewe kuondoka," alisema akitazama mbele. "Niliiacha. Ikalia tena. Nikaona huenda ni mtu ameshika gilasi mkononi. Nikaipokea."

"Baba..."

"Wanne walipiga kuuliza kama ni kweli. Nikawaambia wasinywe. Mmoja alikuwa na rafiki aliyegawiwa chupa huko Tudor, naye nikampigia. Akaniuliza, wewe ni nani? Nikamwambia, mimi ni baba wa anayeuza."

Aida alijifunika uso kwa ukaya wake, akalia. Babake hakumgusa, lakini hakuondoka.

Ngowa alikaa hospitali siku mbili, akatoka mzima. Mzee Charo alirudi kuona kwa jicho la kulia. La kushoto lilibaki na ukungu, na madaktari walisema litabaki hivyo. Godauni ya Mbaraki ilifungwa, na Bi. Joy akaitwa kuandikisha maelezo. Alimpigia Aida mara moja. "Umenimaliza," alisema. Kazi Aida alikuwa ameiacha siku ileile ya Jumapili.

Nyumbani Mwalimu Saif alisema naye maneno ya lazima tu: chumvi, mlango, maji. Siku tisa zilipita hivyo. Aida alipika, akafua, akaamka kila alfajiri akingoja kugombezwa. Kugombezwa hakukuja, na hilo lilimtisha zaidi. Siku ya kumi, baada ya chuo kufungwa, babake alimwita.

"Yule mgonjwa wako wa Tononoka. Amerudi nyumbani?"

"Amerudi."

"Vaa. Twende tukamtazame."

Mzee Charo aliwapokea sebuleni, kibandiko jichoni. Binti yake alileta chai, akaiweka mezani bila kumsalimu Aida. Mzee alimwamkia mwalimu kwa adabu, wakaulizana habari za bandari na za mitaa, kisha akageuka.

"Binti, nina swali moja, na nataka unijibu kweli. Ulijua?"

"Sikujua ni sumu, Mzee Charo," Aida alisema. "Nilijua nafanya nisichotakiwa kufanya. Nilikuwa namficha baba. Lakini kama ningejua ni sumu, nisingekuuzia hata tone."

Mzee alikiweka sawa kibandiko chake. "Ulinipigisha mbio siku ile," akasema. "Daktari anasema ningengoja mpaka jioni, ningepoteza yote mawili." Akachukua kikombe, akakipapasa kidogo kabla ya kukipata mkono wake. "Mwalimu, wewe umeshamsamehe?"

Mwalimu Saif aliitazama chai yake.

"Bado," alisema. "Lakini nimekuja naye."

Mzee Charo akaitikia kwa kichwa, akamsogezea mgeni wake sahani ya mahamri.